Korona na Leseni ya Mama Hellen

Ijumaa, 4 Agosti 1995

Imefika! Korona imefika! Rangi ya dagaa waliokauka vizuri, gari la milango minne, siti zimevalishwa vitambaa vyeupe kama vya altare. Imekuja juu ya behewa la wazi kutoka Dar, siku nne njiani, na vumbi la Tabora limelala juu yake kama unga.

Liaqat wa duka la spea ndiye aliyeniagizia kutoka Dubai. Aliahidi dereva wake, Masalu, angetukuta stesheni ya Mwanza Kusini saa nane. Saa nane — hakuna Masalu. Saa tisa — hakuna. Saa kumi bwana wa reli akasema ondoeni gari lenu, nafunga geti. Mtu mmoja akatuambia Masalu kachukuliwa kwenye msafara wa kampeni, yuko Nyakato anapiga honi.

Mimi nimesimama na ufunguo mkononi. Miaka hamsini na nne, fundi mizani, nimetengeneza mizani za pamba kuanzia Geita hadi Maswa, lakini gari sijui hata kuwasha. Nilipanga kujifunza polepole, watu wasione.

Mama Hellen alikuja na ndoo na tambara ili afute vumbi. Akaweka ndoo chini. Akasema, "Nipe ufunguo." Nikadhani anataka kuushika tu. Akaingia upande wa kulia, akasogeza siti mbele, akarekebisha kioo, akakanyaga klachi — akawasha! Akarudi kinyumenyume kati ya magunia ya chumvi na ukuta, akageuza. Hakugusa kitu. Bwana wa reli akapiga makofi.

"Panda, Baba Hellen."

Nikapanda. Ndoo nimeipakata mimi.

Akaendesha toka stesheni hadi kwetu Pasiansi. Nyumbani ndipo nikauliza, umejifunza wapi? Misheni, anasema, kule kwao Bukoba. Landrova ya zahanati. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Sista Walburga akashikwa na mgongo, akamwambia binti kaa hapa, leo unaendesha wewe.

Miaka ishirini na mitano ya ndoa! Kwa nini hukuniambia?

"Hukuniuliza."


Jumamosi, 5 Agosti

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuliangalia. Lipo.

Nimekaa kwenye siti ya dereva nusu saa nzima, injini imezimwa. Ukimya! Ukifunga mlango, Pasiansi yote inabaki nje — majogoo, redio ya jirani, watu wa ndoo bombani. Unasikia saa yako ya mkono. Mlango wenyewe haugongi, unasema *tup*, kama jiwe la mizani likirudishwa kwenye sanduku lake. Swichi zimeandikwa Kijapani. Nilibonyeza moja, vipangusio vya kioo vikaanza kucheza, nikashindwa kuvizima. Mama Hellen akatoka na mswaki mdomoni, akavizima kwa kidole kimoja.

Ndani ya redio tumekuta kaseti. Mwanamke wa Kijapani anaimba taratibu, kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Hatuelewi hata neno. Tumesikiliza upande wa kwanza na wa pili. Chai ikapoa.


Jumapili, 6 Agosti

Kanisani kwa gari. Tulipofika nilishuka haraka, nikazunguka upande wa kulia na kusimama pale nikipangusa kioo, kana kwamba mimi ndiye niliyeliegesha. Sijui kama kuna aliyedanganyika.


Jumatano, 9 Agosti

Somo la kwanza. Kiwanja cha wazi kule Ilemela, karibu na ziwa, saa kumi na mbili asubuhi. Watazamaji ni ng'ombe tu.

Limezima mara kumi na moja. Nimehesabu. Linaruka kama chura halafu linakufa. Mama Hellen hafoki. Anayefoka ni mimi — nimelifokea gari! Yeye anatazama ziwa, anasema, "Tena."

Mara ya kumi na mbili nikaelewa. Klachi ni mizani! Mguu wa kushoto unapanda, wa kulia unashuka, na katikati kuna mahali ambapo hakuna upande unaoshinda. Pale pale gari linatetemeka kidogo, kama ule mshale ukitafuta sifuri. Ukivumilia hapo kwa pumzi moja, linaondoka lenyewe. Laini! Nimezunguka kiwanja mara tatu kwa gia ya kwanza. Ng'ombe wakanipisha.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimekula viazi sahani mbili.


Jumamosi, 12 Agosti

Siku mbaya kidogo. Nilikuwa narudi kinyumenyume uani. Mama Hellen akapiga kelele, "Mawe!" Watu wa Bukoba wakishtuka humwita mama yao hivyo: *mawe!* Basi mimi nikajua kashtuka tu, kama kawaida yake, nikaendelea. Kumbe safari hii alisema Kiswahili. Mawe kweli! Lile kubwa la nyuma ya choo. Bampa limebonyea kiasi cha kiganja.

Alicheka hadi akakaa chini. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Mchana Liaqat alipita kuliona. Akauliza bampa limefanya nini. Nikasema labda ni huko njiani, kwenye treni. Akaliangalia jiwe, lina rangi ya dagaa. Akasema, "Iko treni kubwa hapa Pasiansi, bwana Yakobo."


Alhamisi, 17 Agosti

Safari ya kwanza ya mbali. Magu! Niandike yote, mazuri na lile jingine.

Tangu biashara ya pamba ifunguliwe kwa watu binafsi, kila mnunuzi ana kituo chake, na kila kituo kina mizani yake. Zamani bwana wangu alikuwa mmoja, chama cha ushirika. Sasa wananiita hadi nachoka. Mawe yangu ya kupimia ni kumi, kila moja kilo ishirini. Zamani nilikuwa nayapandisha juu ya basi, huku utingo akinitukana. Leo yameingia kwenye buti yote! Ila gari likainua pua kama mbwa anayenusa. Mama Hellen akalitazama, akatoa manne, akayalaza chini mbele ya siti ya nyuma. Likakaa sawa. Mimi fundi mizani sikuliwaza hilo.

Barabarani ni raha tupu. Hadi Igoma anaenda kwa gia ya tatu, kuna baiskeli nyingi. Kisesa akaweka ya nne, kisha ya tano. Sikujua kama kuna ya tano. Injini ikashusha sauti, ikawa kama mtu aliyemaliza kusimulia, sasa anahema tu. Kwenye mashimo halipigi, linainama na kuinuka. Anayaona mashimo mapema, anakata kidogo kushoto, kidogo kulia, na chupa yangu ya chai miguuni haikuanguka hata mara moja. Baada ya Nyanguge barabara imenyooka. Mara gari likaanza kulia, *ting-ting, ting-ting*. Nikashika dashibodi, nikajua tumeharibu kitu! Kumbe ukipita mia na tano linakuonya. Wajapani wamelifundisha adabu. Mama Hellen akacheka, akapunguza. Kisha akaongeza tena, kwa makusudi, alisikie.

Mto Simiyu umekauka, mchanga mtupu, wanawake wanachimba maji. Walisimama wakatupungia mkono. Walimpungia yeye.

Sasa hilo jingine.

Kituoni watu wamejaa, marobota na magunia. Kaka yangu Luhende alikuwepo na pamba yake, na fimbo yake. Macho yake yameingia ukungu, ananitambua kwa sauti. Wakala wa kituo ni kijana, Mayala, amevaa miwani myeusi. Akamwona Mama Hellen akishuka upande wa usukani. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema mzee leo kapakiwa. Mayala akaniuliza, mbele ya wote, "Mzee, huyu ndiye dereva wako?"

Nikasema, "Ndiyo. Dereva wangu."

Limetoka hivyo. Sikulitafuta. Alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, anatoa mawe yangu kwenye buti.

Luhende akanishika bega. "Umesema vema. Mwanamume hapakiwi na mkewe."

Nimerekebisha mizani mbili. Kurudi, hakuna *ting-ting*. Hakuna kaseti. Sitini, sitini, hadi nyumbani.


Ijumaa, 18 Agosti

Ufunguo uko mezani, juu ya kitambaa. Chini yake hakuna barua wala nini. Asubuhi alisema sentensi moja: "Tafuta dereva, Baba Hellen. Wa kweli."

Akaenda sokoni kwa miguu.


Jumanne, 22 Agosti

Nimemchukua Masalu. Kituo cha Kisesa, si mbali.

Mungu wangu! Anashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili uko nje ya dirisha. Anaenda na gia ya tatu mpaka injini inapiga mayowe, ndipo anakumbuka kuna ya nne. Breki anazikanyaga akishafika. Mawe kwenye buti yanateleza, yanagonga mbele, yanarudi, yanagonga nyuma. Ukiweka mizani kwenye gari kama lile, ikifika haisemi kweli tena. Kila mwanamke anayemwona barabarani anampigia honi. Anasema gari hii nzuri mzee, ina nguvu.

Gari ni lile lile. Siti ni zile zile. Lakini nilikuwa nimekaa ndani ya gari la mtu mwingine.

Leo nimeelewa ninachokisikia Mama Hellen akiendesha. Ukiweka jiwe la gramu mia kwenye sahani, fundi mbaya analiangusha, sahani inaruka. Fundi mzuri analiweka, na sahani haijui kama limekuja. Ndivyo anavyobadilisha gia. Kazi hiyo mimi nimeifanya miaka thelathini, nikaiona kwa mke wangu mwenyewe, na nikaulizwa huyu ni nani — nikasema vile.


Alhamisi, 24 Agosti

Nimemkuta jikoni, anachambua maharage. Nikavuta kigoda.

"Magu nilisema uongo."

"Najua. Nilikuwepo."

Akaendelea kuchambua. Nikakaa. Nikachambua na mimi, vibaya, nikitupa mazuri. Baadaye akasema, unakumbuka siku tuliyoshuka meli, mwaka sabini, mimi bibi harusi, nina sanduku moja? Nakumbuka. Akaendelea: tulisimama barabarani pale bandarini. Akapita mama mmoja wa Kihindi anaendesha gari. Wewe na rafiki zako waliokuja kutupokea mkacheka. Ukasema, "Mwanamke akishika usukani, mume ashike nini?"

Sikumbuki. Hapo ndipo nilipoumia. Yeye ameishi na neno hilo miaka ishirini na mitano, mimi hata silikumbuki! Nilisema tu, nikataka kuchekesha watu.

Leseni ilikuwa kwenye mkoba wake siku ile ile. Alitaka kunionyesha tukifika nyumbani, anijulishe ameoa — hapana, nimeandika vibaya — anijulishe nimeoa mtu wa namna gani. Akaiweka chini ya sanduku.

"Naomba niione," nikasema.

Akaacha maharage. Kisha akaenda chumbani. Kijitabu chekundu, kingo zimeliwa na mende. Ndani kuna picha. Binti wa miaka kumi na tisa, shingo ndefu, anaitazama kamera kama anayesema haya, nani anafuata? Picha hii sijawahi kuiona. Huyu binti sikumjua. Nilimkuta amekwisha kujificha.

Nikamwambia, nisamehe Odeta. Jina lake. Sijui mara ya mwisho nililitaja lini.

Akasema maharage yanaungua. Hayakuwa hata motoni bado.


Jumatatu, 28 Agosti

Ofisi ya leseni. Nilikwenda peke yangu, nikiwa nimekifunga kijitabu kwenye leso. Nilitaka kumfanyia jambo: leseni yake ifanywe mpya. Karani akafungua, akatazama picha, akanitazama mimi. "Mwenyewe yuko wapi?" Yuko nyumbani. "Basi mlete mwenyewe, mzee. Wewe hufanani naye."

Nikarudi kwa miguu, jua kali. Nikamwomba. Alivaa gauni lake la Pasaka. Akachukua ufunguo pale mezani — siku kumi, ukiacha ile ya Masalu, ulikuwa umekaa pale, tumekula pembeni yake!

Askari akampima. Mapipa mawili, mlima, rudi kinyumenyume ukasimame katikati. Vijana watatu waliotangulia walikuwa wameyaangusha mapipa yote. Yeye akageuza shingo, akarudi mara moja, akasimama, akavuta hendibreki. Kimya. Ungeweka kikombe cha maji juu ya boneti.

Askari akaniuliza, na wewe mzee, una shida gani? Nikasema nataka leseni ya kujifunza. Nani anakufundisha?

"Huyu. Mke wangu."

Foleni nzima ikacheka. Nikangoja nife. Sikufa! Na mimi nikacheka. Nimepewa karatasi yangu, na fundi wa vibao amenichorea L nyekundu, kubwa, inaonekana hata kutoka Kirumba.

Usiku tulisikiliza kaseti ya Mjapani. Pande zote mbili.


Ijumaa, 1 Septemba

Jioni njema kabisa. Nimeendesha mimi! Toka nyumbani hadi Ilemela, barabara ya uwanja wa ndege, gia ya tatu, madirisha yote wazi, upepo wa ziwa na harufu ya samaki wanaokaangwa. Usukani ni mwepesi, unarudi wenyewe ukiuachia. Breki ukizigusa zinaitika, huna haja ya kuzipigia kelele. Ukikata kona gari halilali. Linajua kituo chake cha uzito kiko wapi, na hilo si wanadamu wengi wanaojua.

Kosa moja tu: malori yakija mbele nafumba macho. Anasema hilo tutalishughulikia.

Tumekaa ufukweni juu ya boneti, tumekula karanga. Amenisimulia Sista Walburga na Landrova ilivyokwama mtoni, na mama mjamzito nyuma anayeimba ili asilie. Mtoto akazaliwa salama, akapewa jina Odeta. Mahali fulani kule Bukoba kuna Odeta mwingine, mtu mzima sasa. Sikujua.

Nimeuliza maswali mengi. Nina miaka ishirini na mitano ya maswali.

Barua imekuja kutoka Magu. Jicho la Luhende litapasuliwa hapa mjini Jumatatu asubuhi. Anaomba tumfuate Jumapili, atatungoja kituo cha pamba, njia ya kwake ina mchanga.


Jumapili, 3 Septemba

Naandika ndani ya gari, Magu, siti ya nyuma. Mwandiko utanisamehe, injini inawaka.

Tumefika saa saba. Mama Hellen kaendesha njia nzima, gari limeimba *ting-ting* mara mbili. Luhende alikuwa amekaa juu ya gunia, koti la sherehe, kofia, kifurushi. Watu wengi, ni msimu. Mayala na miwani yake yupo. Nikamwongoza kaka hadi garini. Akapapasa, akauliza nani amekaa kwenye usukani.

"Shikamoo, shemeji," akasema Mama Hellen.

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Endesha wewe. Nimeambiwa gari hili lina kibao cha kujifunza, basi unajua."

Nikasema sijaweza barabara yenye malori.

"Utaweza. Mimi sipakiwi na mwanamke kama gunia."

Akasema atangoja basi. Basi la mwisho limekwisha pita, alijua hilo na mimi nilijua. Na kesho saa mbili asubuhi daktari anamngoja.

Nilikuwa na njia ya kutoka hapo, ya kijinga kabisa. Ningeweza kushika usukani hadi pale barabara inapokuwa nyembamba, nje ya macho ya watu, kisha tubadilishane. Niliiwaza! Hata mguu niliuinua.

Badala yake nikamwita Mayala. Nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kijana, siku ile uliniuliza huyu ni dereva wangu, nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Huyu ni mke wangu, Odeta. Leseni yake ni ya mwaka sitini na tisa, wewe hujazaliwa. Mimi ndiye mwanafunzi wake." Nikageuka. "Kaka, gari linaondoka na huyu. Ukitaka macho, panda. Siti ya mbele ni yako."

Hakuna aliyecheka. Mayala akavua miwani, akasema shikamoo mama. Mimi nikaingia nyuma, nikakaa na kifurushi cha kaka magotini.

Mama Hellen hakugeuka. Ila nimemwona kwenye kioo. Sijui niandikeje ule uso. Ule wa kwenye picha.

Hiyo ni dakika kumi zilizopita. Luhende bado amesimama nje, mlango uko wazi. Wakulima wametuzunguka, wanajidai wanaangalia matairi. Mama Hellen amemwambia tu, shemeji, jua kali, ukichoka kusimama mlango uko wazi. Mikono iko kwenye usukani, gari linahema.

Kaka amevua kofia. Amepangusa paji. Sasa ameinama, anapapasa siti kwa kiganja, kama anayepima pamba ina unyevu. Ameibonyeza. Ameibonyeza tena. Anauliza, bila kumtazama mtu, "Na hii kamba ya kujifunga, shemeji, inaanzia wapi?"

Mguu mmoja umeingia. Wa pili bado uko chini, na fimbo ananinyooshea mimi huku nyuma, niishike.